Giaboksi ya Gari na Oili Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Giaboksi inafanya kazi gani hasa?

Gari likienda kilomita 100 kwa saa, magurudumu yake ya kawaida huzunguka takriban mara 830 kwa dakika. Likianza kuondoka, yanazunguka polepole kiasi cha kuhesabika kwa macho. Injini kwa upande wake haiwezi kwenda polepole hivyo. Ikishuka chini ya mizunguko kama 700 kwa dakika huanza kutetemeka na hatimaye huzima, na nguvu yake nzuri hupatikana ikiwa juu zaidi ya hapo. Giaboksi ndiyo inayowapatanisha hawa wawili. Katika gia ya kwanza hupunguza kasi ya mzunguko mara tatu na nusu hivi na kuongeza nguvu ya kusukuma kwa kiasi hichohicho, na katika gia za juu huacha mzunguko upite karibu ulivyo, au hata huuongeza kidogo ili injini ipumzike safarini. Baada ya giaboksi ipo difu, ambayo hupunguza tena kasi na kuigawa nguvu kwa magurudumu mawili. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, difu imo ndani ya ganda la giaboksi, na mara nyingi hutumia oili ileile.

Aina za giaboksi zinatofautianaje?

Giaboksi ya mkono, ambayo madereva wengi huiita manyuali, ina jozi za gia zilizoshikana muda wote, na mkono wa gia unachofanya ni kuchagua jozi ipi ifungwe kwenye shafti. Kati ya injini na giaboksi ipo klachi, ambayo dereva huikanyaga ili kukata nguvu kwa muda.

Giaboksi ya otomatiki ya kawaida haina klachi ya kukanyaga. Mahali pake pana konveta, yaani bakuli la chuma lililojaa oili: mapanga ya upande wa injini huirusha oili, nayo huyasukuma mapanga ya upande wa giaboksi. Ndani zaidi kuna vifurushi vya klachi ndogo zenye sahani nyembamba zilizopakwa kitu cha kukamatia, na kila gia hupatikana kwa kubana baadhi ya vifurushi hivyo na kuachia vingine. Kinachobana ni oili yenye presha, inayosukumwa na pampu na kuelekezwa na valvu. Giaboksi ya kwanza ya namna hii kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa mwaka 1939 na kuwekwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940.

CVT, aina ya tatu, nayo haina gia za hatua. Ina puli mbili zinazoweza kupanuka na kubanana, na mkanda wa chuma unaopita kati yake, hivyo uwiano hubadilika bila dereva kuhisi hatua. DAF, kampuni ya magari ya Uholanzi, ilionyesha gari lenye wazo hili mwaka 1958, ingawa mikanda yake ilikuwa ya mpira. Aina ya nne ni giaboksi yenye klachi mbili, moja ikishughulikia gia witiri na nyingine gia shufwa, huku kompyuta ikiandaa gia inayofuata kabla haijahitajika. Baadhi ya hizi zina klachi zinazoogelea ndani ya oili, na nyingine zina klachi kavu.

Tofauti hizi si za kinadharia. Kila aina ina oili yake, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kudhani kwamba oili ya otomatiki ni moja kwa magari yote.

Oili ya giaboksi ina tofauti gani na oili ya injini?

Oili ya injini hulainisha, husafisha na kupoza. Oili ya giaboksi ya otomatiki hufanya hayo yote, lakini pia hubeba nguvu ya injini ndani ya konveta, hubeba presha inayobana klachi, na huamua jinsi klachi hizo zinavyokamata. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. Sahani za klachi zinatakiwa ziteleze kidogo kwa muda mfupi, kisha zishike kabisa, na viambato vilivyomo kwenye oili ndivyo vinavyoamua mshiko huo uwe laini au wa ghafla. Kwa hiyo mimi huihesabu oili hii kuwa kipuri cha giaboksi, sawa na sahani na beringi, ila ni kipuri cha maji.

Hadi miaka ya mwanzo ya 1970, mafuta ya nyangumi yalitumika katika oili hizi kwa sababu ya jinsi yalivyolainisha mshiko wa klachi. Uwindaji wa nyangumi ulipopigwa marufuku Marekani, wataalamu walilazimika kutafuta viambato vingine vya kufanya kazi hiyohiyo.

Rangi nyekundu ya oili nyingi za otomatiki ni rangi iliyotiwa tu. Humsaidia fundi kutambua, gari likivuja, kwamba kinachodondoka si oili ya injini. Haimaanishi kwamba oili mbili nyekundu ni sawa, kama vile chupa mbili za dawa zenye rangi moja haziwi dawa moja. Oili za CVT nyingi ni za kijani au za rangi ya asali.

Kitabu cha gari kinasema oili ya giaboksi ni ya maisha. Nibadilishe ya nini?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu limegharimu giaboksi nyingi.

Neno «maisha» katika vitabu hivyo halina kipimo. Ni maisha ya nani? Mtengenezaji hupanga gari litumike kwa miaka kadhaa katika hali anazoziita za kawaida, na giaboksi ikifika mwisho wa kipindi hicho bila kuharibika, kwake ahadi imetimia. Mwenye gari anayetaka gari lifike kilomita 300,000 ana hesabu nyingine kabisa. Ukurasa wa mbele zaidi wa kitabu hichohicho mara nyingi una jedwali la pili, la matumizi magumu: kuvuta trela, foleni, joto kali, vumbi, milima, safari fupifupi. Madereva wengi wakilisoma jedwali hilo kwa ukweli watajikuta humo, na humo oili hupewa muda wa kubadilishwa.

Kikemia pia jambo liko wazi. Oili inayopashwa joto mara kwa mara mbele ya hewa huungana na oksijeni, hugeuka nyeusi na nzito, na huacha utando kama vanishi kwenye valvu ndogo ambazo nafasi zake ni nyembamba kuliko unywele. Viambato vya mshiko huisha. Sahani za klachi, kila zinapokamata, hutoa unga mwembamba ambao hauna pa kwenda ila ndani ya oili. Hakuna kati ya haya kinachosimama kwa sababu ya neno lililoandikwa kitabuni. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo huwauzia watengenezaji wengi wa magari giaboksi za otomatiki, inashauri oili ya giaboksi zake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata pale ambapo giaboksi hizo zimo ndani ya magari ambayo vitabu vyake vinadai oili ni ya maisha.

Basi nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

Kitabu cha gari kikitoa namba, ifuate. Kisipotoa, otomatiki ya kawaida inayotumika mjini huhudumiwa vizuri ikibadilishiwa oili kila kilomita 60,000 hivi, na mapema zaidi ikiwa inavuta trela au inapanda milima kila siku. Giaboksi ya klachi mbili zinazoogelea kwenye oili huhitaji nidhamu zaidi. Ile ya gia sita ya Volkswagen, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ina agizo la kilomita 60,000. CVT isicheleweshwe hata kidogo, kwa kuwa mkanda na puli hukamatana kwa msaada wa oili, na oili iliyochoka huuacha mkanda uteleze juu ya chuma. Alama ya mtelezo huo haifutiki.

Giaboksi ya mkono huvumilia zaidi: kilomita 60,000 hadi 100,000 ni kipindi kinachofaa kwa nyingi.

Nipimeje kiwango cha oili?

Kwanza fahamu gari lako lina dipstiki ya giaboksi, yaani kijiti cha kupimia oili, au halina. Mengi ya siku hizi hayana.

Likiwa na dipstiki, utaratibu wa kawaida ni huu. Endesha gari dakika 15 au 20 hadi giaboksi ipate joto lake la kazi. Lisimamishe mahali tambarare, vuta hendibreki, kanyaga breki, kisha upitishe mkono wa gia polepole kwenye nafasi zote kuanzia P (ya kuegesha) hadi ya mwisho na kuurudisha, ukisubiri sekunde mbili tatu kila nafasi, ili njia zote za ndani zijae. Acha injini inaunguruma ikiwa kwenye P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ichomeke mpaka mwisho, ichomoe tena na usome. Soma pande zote mbili na uamini ule unaoonyesha chini zaidi, kwa sababu oili iliyopanda kwenye ukuta wa bomba hupaka upande mmoja na kumdanganya msomaji.

Magari kadhaa ya Honda hupimwa kwa namna tofauti: injini huzimwa baada ya kupata joto, na kipimo husomwa ndani ya sekunde 60 hadi 90. Anayepima Honda hizo injini ikiwa inaunguruma ataona oili imepungua na ataongeza isiyohitajika.

Gari lisilo na dipstiki hupimwa kutoka uvunguni, kupitia nati ya kufurikia. Gari huinuliwa likiwa limenyooka, injini inaunguruma, na joto la oili husomwa kwa kifaa cha uchunguzi. Katika magari mengi ya Toyota yanayotumia oili iitwayo WS, nati hufunguliwa joto likiwa kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi. Oili ikimwagika mfululizo, imezidi. Iachwe hadi mkondo upungue na kubaki matone. Isipotoka kitu, imepungua.

Kwa nini joto lina uzito hivi? Kwa sababu oili hutanuka. Lita nane zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80 huongezeka ujazo kwa zaidi ya theluthi moja ya lita, na tofauti kati ya alama mbili za dipstiki ya giaboksi mara nyingi ni nusu lita hivi. Anayejaza hadi juu ikiwa baridi amezidisha. Oili iliyozidi huchapwa na gia zinazozunguka na kufanya povu. Iliyopungua huifanya pampu ivute hewa. Mwisho wa yote mawili ni mmoja: mapovu hubanwa badala ya klachi kubanwa, na klachi inayobanwa nusunusu huungua.

Rangi na harufu ya oili vinaniambia nini?

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe laini inayonyonya, uiache dakika kumi. Oili yenye afya husambaa na kufanya duara pana la wekundu au la rangi ya kahawia nyepesi, kingo zake zikiwa safi. Oili iliyochoka huacha kitovu cheusi pale tone lilipoangukia, na pete nyembamba kuzunguka; kitovu hicho ni unga ambao karatasi haikuweza kuubeba. Kisha inuse. Oili mpya ina harufu hafifu ya petroli. Iliyoungua ina harufu kali ya kuchoma pua, kama breki za gari lililoshuka mlima mrefu, na ukishaijua hutaisahau.

Rangi ya kahawia peke yake isikutishe, kwani oili nyingi hubadilika rangi mapema bila madhara. Kahawia iliyokoza pamoja na harufu ya kuungua ndiyo habari mbaya.

Ukikuta oili imekuwa ya waridi na nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari na usiliwashe tena. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta, na ukuta unaotenganisha oili na maji ukitoboka, viwili hivyo huchanganyika. Maji na kulanti (dawa ya kupozea inayotiwa kwenye rejeta) hubandua kile kitu cha kukamatia kilichogundishwa kwenye sahani za klachi, na kuendesha hata kwa umbali mfupi kunaweza kugeuza tatizo la rejeta kuwa tatizo la giaboksi nzima.

Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, ikifunguliwa, angalia sumaku zilizomo ndani. Tope laini la kijivu, linalopakaza kidole kama wanja, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa kucha si vya kawaida hata kidogo.

Nitajuaje oili ipi ni sahihi?

Soma kitabu cha gari, au maandishi yaliyopo kwenye dipstiki yenyewe, kisha utafute jina hilohilo kwenye chupa. Majina ni mengi: Dexron ya General Motors, iliyoanza mwaka 1967, Mercon ya Ford, T-IV na WS za Toyota, DW-1 ya Honda, NS-2 na NS-3 za CVT za Nissan. Kila jina ni mkataba kuhusu uzito wa oili na mshiko wake. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na giaboksi iliyopangiwa moja haipaswi kupewa nyingine kwa sababu tu zote mbili zimetoka kwa mtengenezaji mmoja.

Zipo oili zinazodai kufaa magari yote. Nyingine zimetengenezwa kwa uangalifu na zinafanya kazi vizuri katika otomatiki za kawaida, lakini kwa CVT na kwa giaboksi za klachi mbili mimi sishauri kabisa kutoka nje ya jina lililotajwa kitabuni. Oili ya otomatiki ya kawaida ikitiwa kwenye CVT, mkanda huteleza. Giaboksi inaweza kuharibika kabla oili yenyewe haijachakaa.

Kumwaga kwa nati au kubadilisha kwa mashine, kipi bora?

Nati ikifunguliwa, hutoka sehemu tu ya oili. Otomatiki yenye lita nane inaweza kutoa nne. Nyingine hubaki ndani ya konveta na kwenye mabomba. Ukijaza mpya, nusu ya oili ni mpya. Ukirudia baada ya kuendesha kidogo, mpya inafika asilimia 75, na mara ya tatu karibu asilimia 88. Ni njia ya taratibu, haihitaji kifaa chochote cha pekee, na haiisumbui giaboksi.

Mashine hufungwa kwenye mabomba ya kupozea na kubadilisha karibu oili yote kwa mara moja. Inayotumia msukumo wa pampu ya giaboksi yenyewe haina ubaya. Ninayoikataa ni ile inayosukuma oili kwa presha yake yenyewe au kutia dawa ya kusafishia kwanza, kwa kuwa uchafu uliokuwa umetulia pembeni hung'olewa na kupelekwa kwenye valvu.

Njia yoyote utakayotumia, sampu ifunguliwe na chujio libadilishwe pale inapowezekana. Kubadilisha oili ukaacha chujio lililojaa unga ni kazi nusu.

Na kwa anayefanya kazi hii mwenyewe: fungua nati ya kujazia kabla ya kufungua nati ya kumwagia. Nati ya kujazia haiguswi kwa miaka, na wakati mwingine imeshika kutu kiasi kwamba pembe zake huviringika chini ya spana. Nimeshuhudia gari lililokwisha kumwagwa oili yote likibaki juu ya stendi siku mbili kwa sababu ya nati hiyo moja, haliwezi kujazwa na haliwezi kuendeshwa. Pia mwage oili kwenye chombo chenye alama za ujazo, ili ujue ni kiasi gani kimetoka kabla ya kurudisha kiasi hichohicho.

Gari langu limetembea kilomita nyingi bila kubadilishwa oili. Je, ni kweli nikibadilisha sasa giaboksi itakufa?

Hofu hii ina chembe ya ukweli. Sahani za klachi zilizochakaa sana wakati mwingine hukamata kwa msaada wa ule unga ulioelea kwenye oili chafu. Ukiutoa, mtelezo uliokuwa umejificha hujitokeza. Lakini hapo oili mpya haikuua kitu. Giaboksi ilikuwa imekwisha kuumwa, na mtu alileta gari kubadilisha oili kwa sababu tayari lilianza kuteleza.

Ninachoshauri ni hiki. Giaboksi ikibadilisha gia vizuri, haitelezi wala haishtui, na oili haina harufu ya kuungua, badilisha kwa njia ya nati, mara mbili au tatu kwa kupishanisha kilomita elfu kadhaa. Ikiwa tayari inateleza na oili imeungua, oili mpya si tiba, na fundi anayekuahidi kwamba itapona kwa oili peke yake hakutendei haki. Pesa hiyo ielekezwe kwenye uchunguzi.

Giaboksi ya mkono inahitaji oili gani?

Nyingi hutumia oili nzito ya gia, kama 75W-90 au 80W-90, kati ya lita moja na nusu na tatu. Baadhi hutumia oili nyepesi, hata ya aina ya otomatiki, kwa hiyo hapa pia kitabu ndicho mwamuzi.

Kuna mtego mmoja. Chupa hizi zina daraja, GL-4 au GL-5, na watu hudhani tano ni bora kwa kuwa ni namba kubwa. GL-5 imekusudiwa difu, ambako meno ya gia hukwaruzana kwa mgandamizo mkubwa sana, na ina viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Ndani ya giaboksi ya mkono kuna sinkronaiza, pete ambazo mara nyingi ni za shaba nyeupe au mchanganyiko mwingine wa shaba, na kazi yake ni kusawazisha kasi ya gia kwa kukwama kidogo dhidi ya chuma. Viambato hivyo vinaweza kuzila pete hizo, na utelezi wa GL-5 huzizuia kukamata. Matokeo ni gia kukwaruza kila unapoingiza. Kitabu kikisema GL-4, tia GL-4.

Nitatofautishaje tatizo la klachi na tatizo la giaboksi ya mkono?

Injini ikipandisha mizunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa katika gia ya juu wakati wa kupanda mlima, klachi inateleza. Gia zote zikiwa ngumu kuingia injini ikiwa imewashwa, lakini zinaingia vizuri ikiwa imezimwa, klachi haiachii vizuri. Gia moja tu ikikwaruza, sinkronaiza ya gia hiyo imechakaa. Mvumo unaosikika gari likiwa kwenye nyutro na kunyamaza ukikanyaga klachi, mara nyingi ni beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi.

Na otomatiki, dalili zake ni zipi?

Unapotia D (ya kwenda mbele) au R (ya kurudi nyuma), gari linapaswa kushika ndani ya sekunde moja au mbili. Likichelewa zaidi, hasa asubuhi, angalia kiwango cha oili kabla ya jambo jingine lolote. Ni dalili ya kawaida kabisa ya oili pungufu. Mizunguko ikiruka juu kati ya gia mbili, klachi ya gia inayofuata haikamati. Gari likishtuka kwa nguvu linapobadilisha, chanzo kinaweza kuwa oili iliyochoka, valvu ya umeme iliyoziba, au hata mpira wa kushikilia injini uliokatika, ambao watu wengi huusahau na kuanza kuilaumu giaboksi.

Gari likikwama katika gia moja, haliongezi kasi, na taa ya onyo imewaka, kompyuta imeamua kuilinda giaboksi. Isomwe kwa kifaa cha uchunguzi kabla mtu hajafungua hata nati moja. Wakati mwingine kosa liko kwenye waya au betri dhaifu.

Joto linadhuru kiasi gani?

Kuliko kitu kingine chochote. Oili ya otomatiki hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Kanuni ambayo mafundi huitumia ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi kumi juu ya hapo, umri wa oili hupungua kwa karibu nusu. Kwa hesabu hiyo, gari linalovuta trela mlimani huku oili ikiwa nyuzi 115 hutumia oili yake mara nne haraka zaidi. Ndiyo maana magari ya kuvuta mizigo hufungwa kipozeo cha ziada cha oili, na ndiyo maana rejeta iliyoziba ni tatizo la giaboksi pia, si la injini peke yake.

Tabia gani za dereva huiharibu giaboksi?

Ya kwanza ni kutia R gari likiwa bado linakwenda mbele, au D likiwa bado linarudi nyuma. Klachi za ndani hulazimika kufanya kazi ya breki. Ya pili ni kuegesha kwenye mteremko kwa P peke yake. Ndani ya giaboksi, P ni jino moja la chuma linaloingia kwenye tundu la gia, na uzito wa gari zima hulikalia hilo jino. Kanyaga breki, vuta hendibreki, achia breki gari likae kwenye hendibreki, kisha ndipo utie P. Ya tatu ni kulishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki, jambo linalochemsha oili ndani ya konveta kwa dakika chache. Gari likikwama kwenye tope, usilitikise mbele na nyuma kwa muda mrefu ukipishanisha D na R.

Kwa manyuali, usipumzishe mguu juu ya klachi, na usipumzishe mkono juu ya mkono wa gia. Uzito huo mdogo wa mkono huzisukuma uma za ndani, zile zinazosogeza gia, dhidi ya pete zinazozunguka.

Nimeona matone mekundu chini ya gari. Niendelee kuendesha?

Pima kiwango leo. Uvujaji mwingi hutoka kwenye sili za shafti za magurudumu, gasketi ya sampu, au mabomba yanayokwenda kwenye rejeta, na yote hayo hurekebishwa bila kushusha giaboksi. Tone moja kwa siku ni la kufuatilia. Dimbwi ni la kulisimamisha gari. Oili ya giaboksi haichomwi kama ya injini, hivyo ikipungua, imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kuahirisha tu. Ikiwa kiwango kinashuka na huoni tone popote, angalia kwenye maji ya rejeta.

Gari la otomatiki likiharibika njiani, je, linaweza kuvutwa?

Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imesimama, lakini magurudumu yanayoendesha yakiburuzwa barabarani yanaendelea kuzungusha sehemu za ndani zikiwa kavu. Kuweka N (nyutro) hakubadilishi hilo. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele, la nyuma linyanyuliwe nyuma, na lenye kuvutwa na magurudumu yote manne lipakiwe lote juu ya gari la kubebea. Baadhi ya vitabu huruhusu kuvuta kwa umbali mfupi na mwendo wa polepole, na namba hizo zimeandikwa humo. Zisome kabla ya kufunga kamba.